PSG imebeba kombe: furaha ya mshabiki wa Kivu na swali la «Visit Rwanda»

Siku ya posho, tarehe 31 mwezi wa tano 2025, saa tatu za usiku. Ilikuwa saa ile ile Munich na saa ile ile Goma, Bukavu, Beni na Bunia, juu wakati huu wa mwaka saa ya Ujerumani na saa ya mashariki ya Kongo ni moja. Mpira ukaanza kuchezwa. Kisha dakika ya 12, Achraf Hakimi akafunga. Dakika ya 20, kijana Désiré Doué akaweka la pili. Doué tena dakika ya 63, Khvicha Kvaratskhelia dakika ya 73, na dakika ya 86 Senny Mayulu akafunga hesabu. Paris Saint-Germain 5, Inter Milan 0. Hakuna finali ya kombe hili la Ulaya iliyowahi kuisha na tofauti ya magoli matano.

Kwa mshabiki wa PSG, usiku ule ulikuwa mwisho wa kungojea kwa miaka mingi. Kwa mshabiki wa PSG anayeishi Kivu, ulikuwa pia usiku wa swali. Ekipe iliyobeba kombe njo ekipe inayotangaza «Visit Rwanda», maneno yanayoalika watalii kutembelea Rwanda. Na mwezi mmoja na nusu mbele ya finali, klabu ilikuwa imeongeza mkataba huo mpaka 2028. Je, mtu wa Goma ao wa Bukavu anaweza kushangilia ekipe hiyo na moyo mweupe?

Swali hili linazungumzwa kwenye sale za video, kwenye stasheni za wamotari, kanisani kisha ibada, na kwenye vikundi vya simu. Kuko wenye wanasema: «Mupira ni mupira, siasa ni siasa.» Kuko wenye wanajibu: «Unashangilia bale banatangaza jirani, na sisi tuko tunazika batu.» Kila upande una sababu zake. Ili kuzipima vizuri, inafaa kuanza na furaha yenyewe, kisha kuangalia ule mkataba, na mwisho kuuliza mshabiki ana nguvu gani.

Sababu za kushangilia

Furaha ile haikutoka hewani. Wakongomani wana historia ndefu na PSG. Wazee wa mpira wanakumbuka Jay-Jay Okocha na Ronaldinho. Vijana wa miaka ya 2000 wanakumbuka Pauleta. Halafu kuko watoto wa nchi waliovaa jezi ile: Youssouf Mulumbu, mzaliwa wa Kinshasa, alianzia Paris mbele ya kuwa kapiteni wa Léopards. Peguy Luyindula, naye mzaliwa wa Kinshasa, alicheza pale miaka kadhaa. Presnel Kimpembe, ambaye baba yake ni Mkongomani, amekulia ndani ya klabu na alibeba Kombe la Dunia pamoja na Ufaransa mwaka wa 2018. Na usiku wa finali, goli la tano limefungwa na kijana wa miaka 19 mwenye jina linalolia kama la kwetu: Mayulu. Watu wengi walisikia jina hilo na kusimama kwenye viti hata kama matokeo yalikuwa yamekwisha kujulikana.

Kuko pia deni la zamani. Tarehe 18 mwezi wa 12, 2010, kule Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya Kombe la Dunia la Klabu. Ilikuwa imepiga Internacional ya Brazili 2-0, na golikipa Muteba Kidiaba aliruka-ruka kwa makalio mbele ya dunia yote. Nani aliizuia Mazembe kwenye finali? Inter Milan, magoli 3-0. Kwa Mkongomani mwenye kumbukumbu, kuona Inter inapokea magoli tano kulikuwa na utamu wake wa pekee, hata kama wachezaji wa 2010 wamekwisha kuondoka wote.

Na kuko hadithi ya kocha. Luis Enrique alifiwa na binti yake Xana mwaka wa 2019, mtoto akiwa na miaka 9. Kisha finali, washabiki wa Paris walifungua kitambaa kikubwa chenye picha ya baba na mtoto wakisimika bendera ya klabu uwanjani. Mahali ambapo wazazi wengi wamezika watoto, picha ile haikuhitaji mtu wa kuitafsiri.

Mwisho, kuko hali yenyewe ya maisha. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza, Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Banki zilifungwa, feza ikawa haionekani, uwanja wa ndege wa Goma ukaacha kufanya kazi. Kambi za wahami zilizozunguka Goma zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Beni na Butembo, Ituri pia, wako bado chini ya utawala wa kijeshi, ile watu wanaita «état de siège», tangu mwezi wa tano 2021, na vijiji vinaendelea kushambuliwa na ADF. Katika hali kama hiyo, dakika 90 ambazo mtu hafikirie kodi ya nyumba, wala ndugu aliyepotea, wala kelele za bunduki, si kitu kidogo. Hata kufuata mechi mpaka mwisho ni hesabu. Finali iliisha karibu saa tano za usiku, na wengi waliondoka mbele ya kuona kombe linainuliwa, juu ya kuogopa njia ya kurudia nyumbani.

Basi wenye kusema «muache watu washangilie» hawasemi bure. Furaha ni haki pia.

Mkataba unasema nini

Hapa inafaa kusahihisha kosa moja linalorudi mara nyingi kwenye mazungumzo. Wengine wanafikiri PSG inapeleka feza Rwanda. Ni kinyume. Rwanda njo inalipa klabu. Arsenal ya Uingereza ilikuwa ya kwanza, mwaka wa 2018, na maneno «Visit Rwanda» yakawekwa kwenye mkono wa jezi. Magazeti ya Uingereza yameandika mara nyingi juu ya paundi milioni 10 kwa mwaka. PSG ilifuata mwezi wa 12, 2019. Bayern Munich ilitia sahihi mwezi wa nane 2023, kwa miaka mitano. Mwezi wa nne 2025, PSG iliongeza mkataba wake mpaka 2028, na mwezi ule ule Atlético Madrid nayo ikaingia.

Rwanda inapata nini? Inapata jina. Inapata sura ya nchi tulivu, safi, yenye kupendeza, mbele ya mamilioni ya watu wanaoangalia mpira. Serikali ya Kigali inaeleza kwamba hiyo ni biashara ya utalii: watalii wanakuja, wanalala hoteli, wanalipa dola 1 500 kwa mtu mmoja ili waone sokwe wa milimani kwa saa moja. Wenye kupinga wanasema sura hiyo nzuri inafunika vita inayopiganwa ngambo ya pili ya mpaka.

Ni hapa mkaaji wa Kivu anaumia zaidi kuliko mtu wa Kinshasa ao wa Matadi. Sokwe wanaotangazwa wanakaa kwenye milima ya volkano ambayo ni moja. Karisimbi na Visoke ziko juu ya mpaka wenyewe. Sabinyo inagusa nchi tatu. Sokwe hawana paspoti: wanapita upande huu na upande ule wakitafuta majani. Ngambo hii iko Pori la Virunga, lililoanzishwa mwaka wa 1925, la zamani kuliko mapori mengine ya taifa Afrika, na mwaka wa 2025 lilitimiza miaka 100. Lilipaswa kuwa mwaka wa sikukuu. Badala yake, wageni hawakuja, sehemu kubwa ya pori ilikuwa mikononi mwa watu wenye silaha, na walinzi wengi walikuwa wameuawa kwa miaka iliyopita. Mlima ni ule ule, sokwe ni wale wale, lakini upande mmoja wanaleta dola na jina kwenye viwanja vya Ulaya, upande mwingine wanaleta mazishi. Mtu anayeangalia Mikeno kila asubuhi kutoka mlango wa nyumba yake anaelewa jambo hili bila kufundishwa.

Barua ya Kinshasa na jibu la Kigali

Mwanzoni mwa mwezi wa pili 2025, siku chache kisha Goma kuanguka, Waziri wa Mambo ya Inje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia Arsenal, Bayern na PSG. Aliomba zimalize mikataba hiyo, akisema kwamba ina doa la damu. Msingi wa barua ulikuwa ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ambao mwaka wa 2024 waliandika kwamba askari wa Rwanda kati ya 3 000 na 4 000 walikuwa ndani ya Kongo wakisaidia M23. Tarehe 21 mwezi wa pili 2025, Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2773, ambalo linaomba jeshi la Rwanda liache kusaidia M23 na liondoke katika inchi ya Kongo.

Kigali inakataa mashtaka hayo. Inasema kwamba imechukua hatua za kujilinda, juu ya FDLR, kikundi chenye mizizi katika watu walioua Watutsi mwaka wa 1994, na inashitaki Kinshasa kwamba inashirikiana nacho. Juu ya mikataba ya mpira, ofisi ya maendeleo ya Rwanda ilijibu kwamba Kongo inatafuta kuharibu ushirikiano wa Rwanda kwa habari za uongo.

Klabu zilifanya nini? Kati ya barua ya mwezi wa pili na finali ya mwezi wa tano, hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyovunja mkataba. PSG njo ilikwenda mbali zaidi: iliongeza miaka. Hata kalenda ya mpira ikawa kama inacheka watu. Mwishoni mwa mwezi wa nne na mwanzoni mwa mwezi wa tano, nusu-finali ilikutanisha PSG na Arsenal, klabu mbili zenye kulipwa na mlipaji mmoja. PSG ilishinda 1-0 London na 2-1 Paris. Finali yenyewe ikachezwa Munich, kwenye uwanja wa Bayern, klabu ya tatu. Yeyote angeshinda nusu-finali ile, jina la «Visit Rwanda» lilikuwa limekwisha kupata nafasi Munich.

Doha pia iko ndani

Kuko uzi mwingine ambao hauzungumzwe sana kwenye sale za video. PSG si ya Wafaransa. Tangu 2011 ni mali ya Qatar Sports Investments, kampuni inayotegemea feza ya serikali ya Qatar. Na Qatar njo inasimamia mazungumzo ya amani. Tarehe 18 mwezi wa tatu 2025, Prezida Félix Tshisekedi na Prezida Paul Kagame walikutana Doha mbele ya Emiri wa Qatar. Mwezi uliofuata, wajumbe wa Kinshasa na wa AFC/M23 walitoa tangazo la pamoja kutoka Doha la kutafuta kusimamisha mapigano. Upande wa Amerika, mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi kanuni za kuanzia Washington tarehe 25 mwezi wa nne.

Maana yake, inchi yenye kumiliki bingwa wa Ulaya wa 2025 ni ile ile yenye kiti cha mpatanishi. Hiyo haionyeshe kwamba upatanishi ni mbaya. Qatar ilifaulu kuweka maprezida wawili ndani ya chumba kimoja wakati ambapo juhudi za Luanda zilikuwa zimekwama. Lakini inaonyesha kwamba maneno «siasa ni siasa, mpira ni mpira» hayasimami tena kwa watu wa juu. Wao wenyewe wamekwisha kuchanganya. Inchi inanunua klabu ili ijulikane. Inchi nyingine inalipa klabu hiyo ili ipendwe. Mtu mmoja tu njo anaombwa asichanganye mambo: mshabiki wa chini, yule asiyepata hata dola moja kwenye biashara hiyo.

Mshabiki ana kosa gani?

Mchukue kwa mfano kijana wa kartie Himbi, ao wa Kadutu. Jezi yake ya PSG alinunua sokoni, ni ya mtumba ao ni ya kuigiza. Paris haikupata hata franka kumi. Mechi aliangalia kwenye sale ya video yenye jenereta, kwa makuta kidogo. Alianza kupenda ekipe hiyo akiwa mtoto, mbele ya mkataba wowote wa Rwanda kuwepo. Hakuulizwa mwaka wa 2019. Hakuulizwa tena mwezi wa nne 2025. Kumwambia kwamba yeye anasaidia vita kwa sababu alipiga kelele wakati wa goli la Doué ni kumbebesha mzigo wa watu wenye kutia sahihi.

Lakini hoja hiyo ina upande wake wa pili. Kitu ambacho klabu inauza kwa Rwanda si nyasi ya uwanja. Inauza macho. Inauza mapendo ya watu wengi, na ndani ya hesabu hiyo ya watu wengi, kijana wa Himbi yumo, hata kama hakuna anayemjua. Kila kombe linaongeza bei ya macho hayo. Finali ya 5-0 iliyoonwa dunia nzima imefanya mkataba uliotiwa sahihi mwezi wa nne kuwa biashara nzuri zaidi kwa mwenye kulipa. Kwa hiyo, mwenye kusema «mimi sina la kufanya na mambo hayo» hasemi kweli yote.

Basi mshabiki si mwenye kosa, lakini si mgeni pia. Yeye ni kama shahidi. Na shahidi ana kazi moja: kusema alichoona.

Wamoja wamekwisha kusema

Mfano uko. Tarehe 18 mwezi wa pili 2025, wakati Bayern ilicheza na Celtic, washabiki wake walinyanyua kitambaa juu ya «Visit Rwanda» kikieleza kwamba mwenye kuangalia bila kujali anasaliti tunu za klabu. London, kikundi cha washabiki wa Arsenal kilifanya mzaha mkali: kiligawa vitambaa vya «Visit Tottenham», kikimaanisha kwamba ni afazali kutangaza adui wao wa mpira kuliko kuendelea na jina lile. Ufaransa, maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kuiambia PSG iache mkataba. Watu hao hawakuacha kupenda klabu zao. Wengi wao walikuwa uwanjani siku ya mechi iliyofuata, wakiimba. Walitenganisha mambo mawili: ekipe na ofisi.

Wakongomani wenyewe walikwisha kuonyesha njia hiyo. Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kwenye nusu-finali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, Léopards walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja juu ya kinywa na vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Walipoteza mechi 1-0 mbele ya Côte d'Ivoire. Leo watu wachache wanakumbuka ni nani alifunga. Lakini ile picha ya kinywa kilichofungwa, kila mtu anaikumbuka. Ilizungumza juu ya mashariki ya Kongo mahali ambapo hotuba nyingi hazikufika.

Kuko pingamizi la haki: mtu wa Goma leo hawezi kunyanyua kitambaa. Hali ya usalama haimruhusu kusema kila kitu hazarani, na hakuna mtu anayepaswa kumsukuma kuhatarisha maisha juu ya mkataba wa jezi. Ni kweli. Ndiyo sababu sauti ya wale walio inje, Wakongomani wa Paris, wa Brussels, wa London, ina uzito. Wao wanaweza kufika mlangoni pa klabu. Na washabiki wa Ulaya wasio Wakongomani, waliposoma na kuelewa, walisimama pia. Kitu ambacho mtu wa Kivu anaweza kufanya bila hatari ni kidogo lakini si bure: kujua ukweli wa mkataba, kuueleza vizuri kwa mwenzake, bila uongo na bila kuchukia watu wa jirani. Juu kuko hatari nyingine pia: hasira ya jezi kugeuka kuwa hasira juu ya Mnyarwanda wa kawaida, ao juu ya Mkongomani anayezungumza Kinyarwanda. Mfanyabiashara mdogo wa Gisenyi anayevuka Petite Barrière na nyanya zake hakutia sahihi mkataba wa PSG, sawa na kijana wa Himbi.

Je, kuvunja mkataba kungeleta amani?

Inafaa kusema wazi: hapana, si peke yake. Kama PSG ingeondoa jina lile kesho, hakuna askari angeondoka Rutshuru ao Masisi siku hiyo. Amani itatafutwa Doha, Washington, Kinshasa na Kigali, na itajengwa pia ndani ya vijiji, kwenye mambo ya mashamba, ya vyeo na ya vikundi vyenye silaha ambavyo si vyote vinatoka inje. Mwenye kuahidi kwamba jezi itamaliza vita anadanganya watu.

Lakini jina ni mali. Kama lisingekuwa mali, lisingelipiwa mamilioni. Kila anayelipa ili apendwe anaogopa kuchukiwa. Kwa hiyo swali la washabiki linagusa mahali panapouma, hata kama halitoshe kuponya. Na linakumbusha klabu kwamba «michezo kwa ajili ya amani», maneno ambayo Ulaya inapenda kutangaza, yana bei yake siku ambapo mlipaji anashitakiwa na Baraza la Usalama.

Kisha finali, furaha ya Paris yenyewe iligeuka uchungu: watu wawili walikufa Ufaransa usiku ule na zaidi ya 500 walikamatwa. Hata kule, kombe halikuja na furaha tupu.

Labda jambo la kukumbuka zaidi kwenye mechi ile lilitokea mapema, dakika ya 12. Hakimi alifunga goli la kwanza, goli la maisha yake. Lakini Inter ilikuwa klabu yake ya zamani; alibeba ubingwa wa Italia pamoja nayo mwaka wa 2021. Hakurukaruka. Aliinua mikono kama mtu anayeomba radhi, na akarudi kucheza. Hakuna aliyesema kwamba hakupenda ushindi. Hakuna aliyemwomba arudishe goli. Alikuwa na furaha na heshima kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilienea ndani yake.

Mkataba wa PSG unaendelea mpaka 2028. Makombe mengine yatachezwa, na pengine Paris itashinda tena. Kila mara swali litarudi kwenye sale za video za Goma, Bukavu na Butembo. Mshabiki hana lazima ya kuchoma jezi yake, wala ya kufunga macho. Anaweza kushangilia goli, na kisha mechi aulize: nani alilipa, na kwa nini?